Polima Nyepesi, Maziwa Mepesi

Mimi ni mbishi, na ubishi huo nusura uniponze chuoni Nairobi, miaka ya tisini. Mradi wangu wa mwisho ulikuwa kutenganisha vipande vya DNA kwa umeme, ndani ya mrija wa kioo wenye tundu jembamba kama unywele. Vipande vyote vina chaji hasi, vyote hukimbilia upande chanya. Ajabu ni kwamba kwenye maji matupu virefu na vifupi hufika pamoja, na kalamu ya mashine, inayochora kilima kila kundi linapofika, huchora kimoja tu. Ukitia polima kidogo isiyo na chaji, yaani molekuli ndefu kama nyuzi, kipande kikinasa uzi wa polima hulazimika kuuburuta. Kirefu hunasa zaidi, kwa hiyo huchelewa.

“Nyepesi, nyepesi sana,” mwalimu alinionya. Sikio la kufa halisikii dawa. Kwetu Garissa kumpa mtu maziwa yaliyotiwa maji ni aibu, na ayeeyo, nyanya yangu, aliuza maziwa ya ngamia pale mtaani Galbet akisifika kwa jambo hilo: kwake hupati tone la maji. Basi kitu chepesi sikukiamini. Kila mara niliongeza polima kidogo tena, mchanganyiko ukawa uji, mirija ikaziba. Ukabaki mmoja. Mwalimu alisema huo nao ukiziba, hakuna mradi wala digrii.

Likizoni nilimweleza ayeeyo yote, kwa hasira. Alisikiliza huku akifukiza kibuyu chake cha maziwa.

“Hizo nyuzi zikiwa chache, vipande vitakutana nazo?”

“Vitakutana nazo. Zinatosha.”

“Sasa unaogopa nini?”

“Naona aibu, ayeeyo.”

Alikigeuza kibuyu juu ya moshi. “Ule mwaka wa ukame,” akasema, “ngamia wa kukamwa alibaki mmoja, nanyi watoto mlikuwa saba. Nilitia maji kila asubuhi. Hata mama yako hajui.”

Na mimi nilivyokuwa nikijigamba bwenini kwamba nimelelewa kwa maziwa mazito! Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia.

Niliporudi chuoni nilipima polima kiduchu, nikauzuia mkono usiongeze. Kalamu ilichora kilima, ikatulia, ikachora cha pili, kisha cha tatu. Mwalimu akauliza ni nani hatimaye aliyenishawishi.

“Nyanya yangu,” nikajibu. “Anauza maziwa.”

Habari ya maji sikuitaja, mpaka leo.