Kwaya ya Kopo Moja

Hebu mwone Mama Kahambu anavyofika. Amekaa nyuma ya toleka, ile baiskeli yetu ya kubeba abiria, na mapajani amekumbatia beseni la vikombe vya plastiki, kila kimoja kimeandikwa jina kwa rangi ya kucha. Anashuka mbele ya kanisa, anaingia mazoezini, na kicheko kinampokea.

"Mama, umeleta magazini muzima ya vikombe, unafungua duka?" akauliza Papa Hubert, mzee wa sauti ya besi.

"Kila mutu na kopo yake, Papa. Ile ingine iko kwa likizo."

Ile ingine, msomaji wangu, haikuwa kitu kidogo. Kwaya nzima ilinywea kopo moja la bati, na aliyelikataa alionekana anaogopa sumu ya mwenzake. Mama Kahambu, muuza maharagwe aliyetoka Butembo, alijiona mtu wa Kisangani siku ile alipopokezwa kopo hilo. Tena ni yeye aliyekuwa akilijaza maji mwaka uliopita, mafua yalipoingia. Likazunguka kopo, mafua nayo yakazunguka. Sikukuu ya parokia ilipofika, kwaya ilikohoa badala ya kuimba, na watu wakacheka waziwazi. Sasa sikukuu ilikuwa inakuja tena, na safari hii yeye ndiye aliyepewa kuanzisha wimbo.

"Donc, unaona sisi iko balozi?" Papa Hubert akakunja uso. Balozi kwake ni wachawi.

"Hapana, Papa. Naona sisi iko na makamasi."

Wakaangua kicheko wote, na mzee mwenyewe akashindwa kujizuia. Akachukua kikombe chake. Madirisha yakafunguliwa, maji na sabuni vikawekwa mlangoni, na sheria ikatoka: ukikohoa, kohoa kwenye kiwiko, ukiwa na mafua, baki nyumbani.

Lo! Sheria ni msumeno. Sikukuu ikiwa imekaribia, Mama Kahambu akaamka koo linawasha, pua imeziba, mifupa inauma. Sauti imebaki ya chura.

"Enda tu," mumewe Élie akamwambia. "Nani atajua?"

"Pua yangu itasema, papa."

Élie akatoka, akarudi na vidonge vya rangi mbili kutoka sokoni, antibiotiki. Mama akavisukuma kando. Muuguzi wa zahanati alishawaeleza: hivyo haviui virusi vya mafua. Mwili wenyewe ndio unaopigana, ukipewa usingizi na vinywaji. Ila pumzi ikibana, au homa ikigoma kushuka, usikae, kimbilia zahanati.

Basi akalala. Élie akampikia mchuzi wa samaki, akamchemshia chai ya sinda, yale majani yanayonukia ndimu, akatia tangawizi na asali. Mama akasukutua koo kwa maji ya chumvi. Mwili ulipumzika, moyo haukupumzika, maana habari zilimfikia kitandani: Chimène, mwanakwaya mwenzake, ameshaanza kufundishwa kuuanzisha wimbo ule badala yake.

Homa ikashuka. Kikohozi kikatulia. Mazoezi ya mwisho, Papa Hubert akamzuia mlangoni, mikono kiunoni.

"Nawa kwanza! Bon, vuta pumzi tusikie."

Akavuta, kifua hakikukoroma.

"Ingia, Mama. Chimène alisha kuchoka kukungojea."

Jumapili ile ya sikukuu, jamani! Mama Kahambu akaanzisha, sauti ikapanda safi mpaka kwenye mabati, besi ya Papa Hubert ikaipokea kutoka chini, na hakuna koo hata moja lililokwaruza. Waumini walisimama. Vigelegele vikajaa kanisa, na padri mwenyewe akasahau kukaa.

Nje, wakiwa bado wanabebwa na shangwe, Chancelle, kiongozi wa kwaya ya parokia jirani, akaja mbio.

"Mama Kahambu! Leo mumetumaliza!"

Kabla hajafika, akapiga chafya kubwa ndani ya kiganja. Halafu akafungua mikono, akainamisha kichwa ili wagusanishe vipaji vya uso, kulia, kushoto, kulia, kama tunavyosalimiana watu tunaopendana. Parokia mbili zinatazama. Kumkwepa ni kumwaibisha.

Wewe, msomaji wangu, ungefanyaje?