Mtafsiri wa Filamu ya Barafu

Mtafsiri wa filamu katika kibanda cha video pale Bariadi hushika kipaza sauti kwa mikono miwili, kama mtu anayekunywa uji wa moto. Sauti ya mwanamume huitoa kifuani. Ya mwanamke huibana puani, na watu hucheka. Evalina, mwenye kibanda, hukaa mlangoni akimsikiliza zaidi kuliko anavyotazama. Jumamosi ile ilikuwa filamu ya mwanamume na binti wanaocheza dansi juu ya barafu kwa viatu vya chuma, watu wasiopikika chungu kimoja. “Ukiniangusha tena narudi kwetu Mwamapalala!” mtafsiri alifoka kwa sauti ya puani, kibanda kizima kikaangua kicheko.

Mwishoni mwanamume alipiga magoti kuomba radhi. “Nimezoea kugombana na wewe,” alisema mtafsiri. Kwenye kioo mwanamume alikwisha kufunga mdomo, lakini mtafsiri aliendelea, kwa sauti yake mwenyewe: “Hata hapa kibandani, nisingekuwa nakuja kama si wewe.” Watu wakageukia mlangoni. Evalina alihisi masikio yakiwaka moto. Binti wa kwenye filamu alikuwa akijibu, na hakuna aliyemtafsiria.

“Mjibu basi mwenzio,” alisema mama mmoja.

“Mwambie amalize filamu ya watu kwanza,” Evalina akasema. “Halafu asiondoke.”