Fundi Anayeuliza Abiria

Gari langu ni jekundu, lina milango miwili, na lina haraka kuliko mwenyewe. Nililinunua kwa mgeni wa shirika la misaada aliyekuwa anahama Arua, wakati ambao nilikuwa nimefundisha hesabu miaka mingi kiasi cha kuamini kwamba nastahili kosa moja kubwa maishani. Mtaa wangu wote wa Mvara ulinicheka. Walimu wenzangu waliniuliza kama nataka kuiwahi kengele au kuipita.

Pamoja na ufunguo, yule mgeni alinikabidhi kitabu cha matengenezo. Kila ukurasa ulikuwa na muhuri wa wakala mkuu wa kampuni inayounda magari hayo, kule Kampala, bila pengo hata moja. Mwalimu akiona kazi ya namna hiyo moyo wake hulegea. Niliapa kwamba fundi wa kando ya barabara hatalishika gari hili.

Aliyelipenda kuliko mimi alikuwa mama. Anaishi kijijini Logiri na bado analima, ila magoti yake yamekataa kupanda chochote. Kwenye pikapu ya mjomba anainuliwa na watu wawili kama gunia la muhogo, naye ni mtu mwenye heshima zake. Siku ya kwanza alipoliona gari langu alilizunguka, akageuka, akakaa. Basi. "Hiki ni kigoda," akasema kwa Kilugbara, akanyoosha miguu. Tangu hapo akawa haendi mbali kwa gari jingine.

Shida ilikuwa njia ya kwake. Mvua ilikuwa imechimba mfereji uliokatiza njia, na kila nilipopita tumbo la gari lilikwaruza nami nikauma meno. Kwa hiyo nikafanya wanachofanya watu wa kwetu wenye magari mafupi: nilienda kwa fundi mmoja mjini Arua, akang'oa springi zake akatia ndefu, za gari la familia. Gari likainuka vidole vinne. Springi za zamani alinirudishia ndani ya gunia, maana kwetu mwenye gari haondoki gereji bila vipuri vyake vikuukuu. Ukiviacha, utavikuta kwenye gari la jirani. Nikavuka mfereji nikiimba.

Mama alitoka nje, akalitazama. "Gari lako limesimama kwa ncha za vidole," akasema. Nikamwambia atazoea.

Hazikupita wiki nyingi likaanza kutetemeka. Nikikanyaga mafuta, sakafu inagonga na usukani unanicheza mikononi. Na hapo hapo habari ikaja kutoka Koboko: mama mdogo, yaani mdogo wake mama, aliyekuwa amepasuliwa tumbo na sote tukahofu, amepona, na Jumamosi ya wiki ijayo atafanya ibada ya shukrani nyumbani kwake. Walikuwa hawajaonana miaka miwili, magoti upande huu na ugonjwa upande ule. Mama alianza kuchagua kitenge siku ileile.

Nikaenda Kampala, safari ya kutwa nzima, nikitetemeka njia yote. Kwa wakala mkuu sakafu inang'aa, chai inaletwa na kisahani, na kuna mstari wa manjano ambao mwenye gari havuki. Dada wa mapokezi aliniuliza kwa adabu kama kuna kitu chochote kimebadilishwa kwenye gari.

"Hapana," nikasema, mimi niliyewatoa watoto darasani kwa uongo mdogo kuliko huo. Gunia la springi nilikuwa nimeliacha Mvara makusudi. Niliogopa kuonekana mshamba mbele ya mihuri yao.

Walikigonga kitabu changu muhuri wa kubadilisha oili, wakanipa karatasi: viungo vya ekseli za mbele vimeanza kulika, vibadilishwe pande zote mbili, na vipuri vitatoka ng'ambo baada ya wiki tatu. Siwalaumu. Walinipa jibu sahihi la swali nililowapa.

Nilipomwambia mama kwamba tutakodi gari jingine, hakubisha. Alikikunja kitenge chake polepole. "Basi mwambie mdogo wangu nimemsalimu," akasema. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Huko Koboko kulikuwa na fundi niliyemsikia siku nyingi na kumdharau siku nyingi vilevile. Alitoka Kongo, alijifunzia kazi kwenye magari ya mashindano, na hashiki gari ila lile fupi lenye mbio. Gereji yake ni mabati matatu nyuma ya soko, bila mstari wa manjano na bila muhuri. Nikampigia simu.

"Mwalimu, leta gari," akasema. "Na ulete mutu yenye anakaaka ndani yake. Mugonjwa haendi hospitali yeye peke."

Ijumaa nilimchukua mama Logiri. Gunia la springi nikalirudisha kwenye buti, sijui kwa nini. Labda moyo ulikuwa umeshaanza kukiri. Kutoka Arua hadi Koboko lami ni nzuri, nasi tuliitambaa kama konokono. Bodaboda zilitupita, hata moja iliyobeba godoro na mbuzi. Mama alimpungia mkono kila aliyetupita, kama kwamba sisi ndio tuliokuwa tumemruhusu. Miye mwenye hasira za karibu nilijikuta nacheka.

Fundi hakufungua boneti. Alimletea mama benchi na maji ya kunywa, akachuchumaa mbele yake. Huo ndio utaratibu wake: kabla ya kushika spana, anamhoji abiria, kwa sababu dereva, anasema, anasikia injini na sifa zake tu.

"Mama muzee, hii gari iko namna gani?"

Mama akatoa Kiswahili chake cha sokoni. "Zamani mimi nakaa tu. Sasa mimi napanda. Gari iko anasimama kwa vidole. Mutu akisimama kwa vidole siku mingi, miguu iko natetemeka."

Fundi akageuza shingo taratibu. "Mwalimu, nani alipandisha hii gari?"

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na mama yangu mzazi, mchana, karibu na soko. Nilikwenda kwenye buti nikaliburuta gunia hadi miguuni pa fundi. Alilifungua, akaziona springi, akajizuia kucheka kwa heshima ya mgeni. Mama hakujizuia. Kisha tukacheka wote watatu, na mimi nikawa wa mwisho kunyamaza.

"Ekseli ilizoea kulala sawa," fundi akaniambia. "Wewe umeikunja kila siku. Watu ya Kampala hawakukosea. Lakini wangeweka mupya, na ile mupya ingekufa."

Alifanya kazi mchana kutwa. Alirudisha springi za zamani, akavisafisha vile viungo na kuvijaza grisi. Vimechoka, alisema, ila havijafa. Tulipolijaribu, gari lilinyamaza kabisa, nikasikia hata bangili za mama. Kuhusu mfereji wa Logiri, alinikatia mbao mbili imara za kutandika juu yake. Hadi leo zinakaa nyuma ya viti.

Nikatoa kitabu changu cha matengenezo, angalau atie sahihi. Akakataa. "Yenye aliona ugonjwa ndiye anatia." Mama akamwelewa upesi kuliko mimi. Alichovya dole gumba kwenye kopo la grisi, akaligandamiza chini kabisa ya mihuri ya Kampala, kwa utulivu wa mtu anayepiga kura.

Bado naenda kwa wakala mkuu kwa mambo yanayotaka kompyuta. Mara ya mwisho dada wa mapokezi alifika ukurasa ule, akauliza alama hiyo ni ya nani. Nilimweleza yote, tangu springi. Siku hiyo alinivusha mstari wa manjano nikaongee na fundi mwenyewe.

Lakini Ijumaa ile, jua likiwa bado juu, tuliingia uani kwa mama mdogo. Nilizunguka nimsaidie mama kushuka. Nikakuta ameshatoka, amesimama, anatengeneza kitenge. Mama mdogo alikuja akiwa ameshika tumbo kwenye mshono. Walishikana mikono muda mrefu.

Kisha mama akamwonyesha gari. "Usipande," akamfundisha. "Geuka. Kaa."

Mama mdogo akageuka, akakaa. Mama akazunguka upande wa pili, akakaa kwenye kiti changu, nyuma ya usukani. Gari lina viti viwili tu. Chakula kiliitwa mara tatu, nao hawakutoka. Nilibaki nimesimama uani na ufunguo mkononi, na sijawahi kuliona gari langu likienda vizuri namna ile.