Mke wa Mpiga Picha Hana Picha

Jua linaelekea kuzama juu ya Mto Hoài, na maduka ya ukingoni yanazima taa za umeme moja moja, maana kesho mwezi ni mpevu, na mkesha wake mji huu huangazwa kwa mishumaa tu. Bwana Khiêm amechutama matopeni, kamera jichoni. Mkewe, Bi. Lựu, amesimama mtumbwini katikati ya vitaa vya karatasi vinavyoelea na mishumaa yake.

"Inamisha kofia, mama Nhàn! Kidogo tena. Hapo!" anamwelekeza mkewe.

Bi. Lựu anatupa kimia. Kinafunguka hewani, kinadondoka, kinatoka kitupu. Hakuna anayetarajia samaki. Nyuma ya Khiêm wamejipanga wapiga picha wa ridhaa kutoka Saigon, wanaolipia machweo kama haya.

"Rudia, shangazi!" anapaza sauti mmoja. Anarudia, kisha anashika bega.

"Samaki wenyewe wananicheka," ananiambia mimi mwandishi akifika ukingoni. "Wanajua siku hizi navua kamera."

Zamani Khiêm aliwapiga picha watu wakiweka vitaa mtoni. Simu zikamnyang'anya wateja, ndipo mkewe akaingia mtumbwini. Mwezi mzuri wanalipa ada ya chuo ya binti yao, Nhàn. Mwezi wa mafuriko wanakunywa uji. Khiêm, mwenye miaka hamsini na tisa, hafichi kwamba amechoka. Mtaji wa maskini ni nguvu zake, na zake zinakwisha.

Lakini ugomvi wa nyumba hii si fedha. Picha za Bi. Lựu zimetundikwa hotelini na kuchapwa kwenye kalenda, na zote ni kofia, mkono na wavu. Yenye uso haipo hata moja. Na kwetu, mtu wa umri wake huandaa mapema picha ya madhabahu ya nyumbani, ile ambayo wanawe watakuja kuifukizia ubani.

"Mama yake tulichelewa," anasema Bi. Lựu, akimnyooshea mumewe kidole. "Akafa, tukakuza picha ya kitambulisho. Mpaka leo anatukodolea macho kama kafumaniwa! Na mimi ananiahidi tangu mwaka juzi."

"Kinyozi hajinyoi," Khiêm anajitetea.

"Nani kakwambia ujinyoe? Nimekuomba uninyoe mimi!"

Wageni wanapoondoka, Khiêm, labda kwa kumwonea haya mwandishi, anamwambia mkewe akae, mwanga bado upo. Bi. Lựu anavua kofia. Nywele zimegandana kwa jasho, macho yameingia ndani. Khiêm anamtazama kupitia kamera, na hapigi. Namwonea huruma mpiga picha huyu.

"Mbona hupigi? Nimezeeka?"

"Umechoka."

"Basi acha." Anavaa kofia yake. "Picha hiyo nitakaa nayo milele, baba Nhàn. Wajukuu waniletee machungwa, waniwashie ubani, na mimi nipo tu, nimechoka hivi? Thubutu! Nipumzishe kwanza."

Khiêm anafunika kamera. Anasema mvua zikianza atawakataa wageni wote, mtumbwi utafungwa, na mkewe atalala mpaka jua liwe juu. Namuuliza, kwa muda gani?

"Mpaka uso wake urudi," anajibu. "Nimeshausahau ulivyokuwa."