Betri za Nesta

Nesta Hagi ana redio ile ile tangu marehemu mumewe arudi nayo kutoka mashamba ya minazi, miaka thelathini na sita sasa. Antena yake ni ufito wa mwavuli. Hapa kijijini kwetu, kisiwani Isabel, vijana wanamcheka. Wao wana simu za kioo. Lakini mnara wa simu ulikufa wiki mbili zilizopita, na simu zao zikabaki tochi.

Wiki hiyo hiyo binti yake Lilise alipelekwa hospitali ya mji mkuu, Honiara, kwa meli, mimba ikimsumbua. Habari zake zingekuja kwa salamu za redio, saa sita mchana au saa kumi na moja jioni.

Jumanne saa sita tulikuwa jikoni kwake, mimi na mpwa wake Selwyn. Betri za redio zilikuwa zinaisha, na duka halikuwa na nyingine.

"Shangazi, hilo sanduku lingezikwa na mjomba," Selwyn alisema.

"Nyamaza, tochi wewe."

Msomaji akaanza: "Ujumbe wa kwanza. Kwa Nesta Hagi, kutoka kwa mkweo. Lilise..." Sauti ikafifia kama nzi ndani ya chupa, ikakatika.

Nesta akanishika mkono. "Kaka, amesema wa kwanza?"

Afadhali ningenyamaza. Lakini kujua mambo ndiyo sifa pekee niliyobakiwa nayo. "Vifo husomwa kwanza," nikasema. "Kisha wagonjwa, kisha meli, kisha biashara. Siku zote."

"Mzee! Umesema ya nini?" Selwyn alifoka.

Wanawake wa jirani walikuwa wameshafika mlangoni. Mmoja akaanza kulia.

"Hakuna kulia hapa!" Nesta alisema, midomo ikimtetemeka. "Mpaka nisikie mwenyewe."

Akazitoa betri nne, akazianika juu ya jiwe lililochomwa na jua ufukweni ili zipate nguvu kidogo, akakaa kando yake. Alizigeuza moja moja kama samaki juu ya makaa. Wingu likipita, alilitazama kama mtu anayetazama mbwa mkali. Mimi nilikaa mbali. Niliogopa kumwangalia, na kwa mara ya kwanza maishani niliomba niwe nimekosea.

Saa kumi na moja tukazirudisha. Redio ikakoroma, ikashika. Kwanza, mashine ya mtumbwi inauzwa. Pili, mchele umefika bandarini. Tatu, mzee fulani wa ng'ambo amefariki, atazikwa kesho. Kifo, baada ya mchele! Kumbe siku hizi wanasoma tu jinsi karatasi zinavyowaangukia mkononi.

Kisha: "Kwa Nesta Hagi. Lilise amejifungua msichana. Wote wazima. Leta mkeka wa mtoto."

Selwyn akaruka, akapiga kichwa kwenye boriti. Nesta hakucheka. Aliizima redio upesi, akazitoa betri, akazifunga kwenye khanga yake.

"Kaka," akasema bila kunitazama, "usiniambie tena wanavyosoma."

Sijamwambia. Saa sita ikifika sasa huwa nakaa nje ya mlango wake, na kila msomaji anaposema "wa kwanza", mimi ndiye ninayetetemeka.