Aliyeingia Chumbani Kwangu Bila Hodi

Ulikuwa mwaka ule mto ulipofurika ukalala mashambani, tukala mihogo na mlenda asubuhi na jioni, na wali tukaishia kuusikia harufu kwa jirani mwenye harusi. Mwaka huo ndio nilioharibu. Kosa ni langu. Usinitafutie mtu wa kugawana naye.

Mimi ni bibi, naishi Mabwerebwere, hapa Kilosa. Shule niliishia darasa la nne, lakini mdomo wangu haukuishia popote. Nyumba yangu nimeijenga mwenyewe, tofali nimefyatua kwa mikono hii. Naringa nayo, sikufichi.

Nakaa na mjukuu wangu wa kike, mtoto wa marehemu mwanangu. Tumwite Zawadi. Mjomba wake alimpa kompyuta kuukuu. Fundi wa sokoni akasema imechoka, Windows itailemea, akaiwekea kitu kingine kinaitwa Linux. Kila jioni akimaliza vyombo namwona kaiinamia, anahangaika.

"Unatafuta nini humo, mke mwenza?" Ndivyo tunavyotaniana.

"Mchezo, bibi. Wa kucheza watu wawili, kila mtu na kompyuta yake. Mwenzangu ana Windows. Mwingine unafunguka kwake, kwangu unagoma. Mwingine unafunguka kote ila hatuonani, kwa sababu wake ni toleo jipya na wangu la zamani."

"Si mcheze rede uani? Mpira hauna toleo."

"Yuko mbali, bibi."

Sikuuliza yuko mbali wapi. Hapo ndipo nilipoanza kupotea.

Nina binti mmoja. Siku ya gulio kule Ulaya, kijiji cha huku huku Kilosa, kijana mkata miwa wa Ruhembe alimpakia kwenye baiskeli wakaenda zao. Hapakuwa na barua ya posa, hapakuwa na mshenga wa kunipigia hodi. Watu wakarudi kutoka gulioni na nyanya zao na habari za mwanangu. Baadaye binti alikuja na wazee wa mumewe kuomba radhi, mtoto mchanga mgongoni. Wakapiga hodi. Nikabaki ndani na komeo nimelitia, nikawajibu kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia: "Asiyepiga hodi kwangu si mgeni, ni mwizi. Mwizi simfungulii, leo wala kesho."

Wakaondoka. Wakahamia Mikumi. Nikajisifu kwamba mimi ni mwanamke wa msimamo.

Basi. Jioni moja Zawadi akapiga kelele ya furaha. Mchezo umepatikana, unaelewana na kompyuta zote mbili. Ni mchezo wa kujenga kijiji. Siku baada ya siku wakajenga, huku wanaongea humo humo kwenye kompyuta, na sauti ya mvulana inajibu. Nilidhani ni mwanafunzi mwenzake. Mimi naendelea na kuku wangu, nawatukana wakiingia jikoni.

Siku moja akaniita. "Bibi, njoo uone. Tumejenga nyumba yako."

Nikavaa miwani. Kweli ilikuwa nyumba yangu. Mpera uko pembeni, jiko liko nyuma, mlango umeelekea reli. Nikafurahi mpaka nikakaa. Mara kikatokea kijitu, kikapita mlangoni, kikapita sebuleni, kikanyoosha moja kwa moja mpaka chumbani kwangu, kikasimama pale kitanda kilipo. Yule mvulana akacheka: "Mwone, hajapotea hata kidogo!"

Damu ikanipanda. Mtu nisiyemjua, chumbani kwangu, hata kukohoa hakuna.

"Ni nani huyo?"

Zawadi akainama. "Ni... mwenzangu tu, bibi."

Nikaisogelea ile kompyuta kama naisogelea nyoka, nikasema: "Asiyepiga hodi kwangu si mgeni, ni mwizi. Mwizi simfungulii, leo wala kesho."

Kijitu kikabaki kimesimama kitandani kwangu, halafu kikatoweka.

Haikunitosha. Nikamwambia Zawadi aipeleke kwa fundi ifutwe yote, ibaki ya masomo.

"Bibi, kijiji chote kimehifadhiwa kwenye hii ya kwetu. Ikifutwa, na kwao kinakufa."

"Kife."

Kikafa. Zawadi akaacha kunitania. Shikamoo ananipa, chakula ananiwekea, lakini mke mwenza wangu hayupo.

Tulikuwa tunamenya mihogo aliponiambia, bila kuniangalia. "Yule mvulana ni Idi. Mtoto wa shangazi."

Nikaweka kisu chini.

"Shangazi alikuwa anakaa pembeni yake kila jioni. Anakusikiliza ukigombana na kuku. Akasema sikukuu ya Idi el Fitri atakuja kwako, atajikaza. Siku ile Idi alimpa mama yake naye ajaribu kucheza. Aliyeingia chumbani kwako ni shangazi mwenyewe."

Mwenzangu, kile chumba ndimo nilimomzaa. Alikwenda pale alipolala kifuani kwangu. Mimi nikamrudishia maneno yale yale, neno kwa neno, na yeye akaamini nimemtambua.

Sikukuu ikapita. Hakuja. Simu yangu hapokei. Nikapanda basi mpaka Mikumi, nikasimama mlangoni kwake, nikapiga hodi mpaka sauti ikakauka. Jirani akatoka akasema hayupo. Kandambili zake zilikuwa kizingitini, na ndani sufuria ilikuwa inachemka. Nikarudi Kilosa. Sina wa kumlaumu, ukaidi ule aliunyonya kwangu.

Nimemruhusu Zawadi aurudishe mchezo, na watoto wameanza kijiji kipya. Safari hii kimehifadhiwa kwenye kompyuta ya Mikumi. Zawadi amenifundisha kitufe cha kwenda mbele tu, kugeuka ananigeuza yeye. Kila jioni natembea na kijitu changu mpaka kwenye nyumba ambayo Idi amemjengea mama yake. Mlango uko wazi, mchezo haukatazi kuingia. Siingii. Nasimama nje, nasema, "Hodi."

"Bibi," Idi akaniambia juzi kwa sauti ya chini, "mama yupo hapa. Anakusikia."

Nikasubiri aniambie, "Karibu." Nikasikia mtu anavuta kigoda, basi.

Kesho nitarudi tena. Na wewe bibi mwenzangu unayeringa na nyumba, sauti ngeni ikitoka kwenye kompyuta ya mjukuu wako, uliza ni nani, ukijibiwa nusu uliza tena, tena kwa upole, kabla hujafungua mdomo. Mimi niliufungua wangu. Binti yangu alikuwa amerudi nyumbani kwa njia pekee aliyoiona, amesimama chumbani alimozaliwa, nami nikamwambia: "Asiyepiga hodi kwangu si mgeni, ni mwizi. Mwizi simfungulii, leo wala kesho."