Parafujo Mbili za Dufu la Bi Asya

Mume wangu Ghanim ni msimamizi wa stoo katika ofisi moja ya serikali huko Mudhaibi, na kwa miaka kumi na tisa hajatoa hata kalamu bila fomu. Nyumbani kwetu Ibra mambo ni hayo hayo. Taa ya jikoni ikiungua haendi dukani. Hukaa kwanza akaandika ni taa ya aina gani, ya ukubwa gani, na nani alikuwa akiitumia ilipoungua. Aliyekuwa akiitumia huwa ni mimi, Hamda, na hunihoji. Nampenda, lakini nimeshapika sana gizani.

Kwa hiyo mama yake alipoharibikiwa na dufu, nilijua safari itakuwa ndefu.

Bi Asya, mama mkwe wangu, alizaliwa Zanzibar mjini akaja Oman akiwa na watoto wawili na bila mume. Hapa Ibra hakuna harusi ya watu wetu ambayo hakupiga dufu. Hulisogeza kwenye makaa, ngozi ikakauka ikakaza, ndipo huanza. Mwaka jana tukaalikwa Sur, kule pwani, ambako hewa utadhani unaweza kuikamua ukaijaza ndoo. Ukumbi umebandikwa tangazo la kukataza moto. Dufu likalegea katikati ya wimbo, likawa linalia kama debe tupu. Msichana mmoja akanyanyuka akawasha spika, hata samahani hakusema. Bi Asya akalifunga dufu lake katika kanga, na tangu siku ile hakuligusa.

Sasa Tahani anaolewa, huko huko Sur, ukumbi ule ule. Tahani ni mjukuu wa Bi Asya, amemlea mwenyewe tangu binti yake, dada yake Ghanim, alipofariki na kumwacha mtoto wa miezi minane. Binti wa watu kaomba kitu kimoja tu, bibi yake ampigie dufu siku ya harusi.

"Mie siendi kuaibika mbele ya mjukuu wangu," alisema Bi Asya. "Washeni hiyo spika yenu, khalas." Alisema hivyo huku anatazama ukuta, na mimi roho iliniuma, maana najua hakuna kitu alichokitaka duniani kuliko hicho.

"Tatizo ni spea," akasema Ghanim.

Kwake yeye kila tatizo ni spea. Siku ya tatu akarudi nyumbani na kitu kikubwa ndani ya mfuko mweusi. Mwalimu mmoja wa Ayalandi aliyekuwa akifundisha chuoni Ibra alikuwa anarudi kwao, anauza friji, baiskeli na dufu. Dufu la kwao ni pana kama sinia la watu watano, la ngozi ya mbuzi kama letu, ila kwa ndani lina parafujo sita zinazosukuma pete ya mbao, na pete inakaza ngozi. Moto hauhitajiki. Unazungusha ufunguo mdogo tu. Ghanim alitueleza mara tatu, mara ya tatu kwa mchoro.

Bi Asya alikiokota kijiti kilichokuja nalo. "Na hiki cha nini?"

"Wao hupigia hicho, Mama."

"Dufu kupigwa fimbo, limekosa nini?" Akakitupa kijiti, akapiga kwa kiganja. Akatulia, akapiga tena. "Ngozi nzuri hii," akasema, na macho yake yakawa ya mtu mwingine. "Lakini upande huu limelala."

Tukaligeuza. Parafujo zilikuwa nne. Mbili hazikuwepo, na ufunguo haukuwepo.

Zilibaki siku kumi na mbili kabla ya harusi. Nne kati yake Ghanim alizimaliza kuwaandikia watu wa Ayalandi barua pepe zenye vipimo na vichwa vya habari. Wakamjibu kwa upole kwamba kila fundi hukata za kwake, ataje nani alilitengeneza. Dufu halikuandikwa jina. Akataka walau wauzaji watatu wampe bei ili alinganishe, kama inavyotakiwa ofisini, wakati hata mmoja mwenye kitu chenyewe hakumpata.

Mwishowe tukaenda Firq, kwenye karakana za Nizwa, mwendo wa karibu saa mbili kwa gari. Alifungua parafujo moja akaitia kwenye bahasha. Dufu lenyewe akaliacha nyumbani.

"Kwa nini tusilichukue?" nikamwuliza.

"Tutaonekana vipi, Hamda?"

Hapo ndipo penye ugonjwa. Sisi tuliorudi kutoka Afrika tumetumia nusu karne kuthibitisha kwamba sisi ni Waarabu sawasawa, kama kwamba kuna mtu anagawa vyeti. Kuna mtu ofisini aliwahi kumtania Ghanim, "Nyinyi watu wa Zinjibar, kazi yenu ngoma tu," na wenzake wakacheka. Aliyesema ameshastaafu na bila shaka ameshasahau. Mume wangu hajasahau.

Firq hawauzi nati bila kutajiwa gari. Duka la kwanza waliuliza, "Ya gari gani?" La pili vile vile. La tatu lilikuwa la Mahrous, fundi mkerezaji wa vyuma, mtu mzima mwenye miwani kwenye paji la uso. Akaigeuza parafujo kiganjani.

"Ya nini hii, ya akhi?"

Ghanim akakohoa. "Ya pampu. Pampu ya shamba."

Nikamtazama. Sisi hatuna shamba. Tuna mlimau mmoja kwenye debe.

Mahrous ni fundi mwaminifu, na fundi mwaminifu hawezi kukubali pampu ishikwe na kitu chembamba namna ile. Akatukerezea mbili za chuma, nene kama vidole gumba, zenye vikalio vya kuhimili mtikisiko. "Pampu itakufa, hizi zitabaki," akasema kwa fahari. Ghanim akazipokea, afanyeje? Akashukuru.

Nyumbani hazikuingia hata kidogo. Akatafuta drili apanue matundu. Bi Asya akamnyang'anya dufu.

"Mwanangu, n'ambie kweli. Umemwambia fundi ni za nini?"

Ghanim akarudi kutafuta drili.

"Za pampu," nikasema mimi. Mie siri za kijinga sizitunzi.

Bi Asya hakucheka. Akaketi, dufu mapajani. "Kanzu uliyovaa siku yako ya kwanza skuli, Ghanim, ilitoka kwenye dufu. Nimepiga harusi za watu usiku kucha wewe na dada yako mkapata kula. Siku hizo hukuona haya."

Ghanim akatoka nje akakaa kwenye gari, injini imezimwa, karibu saa nzima. Sikumfuata. Alistahiki.

Kesho yake tulikwenda Firq sote watatu. Bi Asya aliliweka dufu juu ya meza ya Mahrous, katikati ya vyuma na mafuta, akapiga kidogo. Karakana ya jirani nyundo ikanyamaza. Mahrous akamtazama Ghanim, na Ghanim akawa anakagua dari.

"Pampu yako ina sauti nzuri, wallah," akasema Mahrous. Hazikupita saa mbili akatukabidhi mbili nyepesi za shaba, sawasawa na zile nne, na kifunguo chake. Hakuuliza kitu. Ghanim akalipa, akaomba risiti.

Siku ya harusi, alasiri, tukaingia ukumbini. Mlangoni wanawake wote hunyang'anywa simu, watu wasipigwe picha. Tahani alikuwa jukwaani, amevaa kijani. Bi Asya akaanza, na wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri hata nikajisahau. Wa pili, unyevu wa Sur ukafanya kazi yake. Sauti ikashuka. Bi Asya akanyoosha mkono bila kunitazama.

"Ufunguo."

Sina. Msimamizi wa stoo aliuweka mfukoni mwake, usipotee. Na simu sina. Yule yule msichana wa spika wa mwaka jana alikuwa ameshanyanyuka. Tahani alinitazama kutoka jukwaani, na macho yale sitayasahau. Nikatoka mbio, abaya inapepea.

Ghanim alikuwa amekaa upande wa wanaume, na Sheikh Wadhah, baba wa bwana harusi, na jamaa zake, wanakunywa kahawa. Mwanamke haendi mbio kwa wanaume bure. Wote wakageuka.

"Ule ufunguo," nikasema.

"Kheri?" akauliza Wadhah. "Gari limejifunga?"

Mlango wa kutokea huo, amefunguliwa kabisa. Gari. Aseme ndiyo tu, anipe, basi. Nikamwona anafungua mdomo, na mume wangu namjua, gari alikuwa nalo tayari ulimini. Kutoka ndani lilisikika dufu, linalia debe. Akaufunga mdomo. Akasimama, akatoa ufunguo, akasema kwa Kiarabu, kwa sauti ambayo hata waliokuwa mbali waliisikia:

"Ni ufunguo wa dufu. Anayepiga humo ndani ni mama yangu."

Wadhah akaweka kikombe chini. "Mama yako? Na wewe umekaa hapa kutuzungumzia mambo ya ofisi? Hii Sur, bwana! Yallah vijana, sogezeni viti karibu na ukuta, tumsikie."

Miaka yote ile ya kuona haya, na watu wa Sur ngoma wanazaliwa nazo.

Nikarudi mbio. Bi Asya akazungusha parafujo moja moja, akagonga, akasikiliza, akazungusha tena. Kisha akapiga. Msichana wa spika akakaa. Alipofika mahali pa kuwataja wazazi wa bibi harusi, Bi Asya alilitaja jina la binti yake marehemu, akalirudia mara tatu, na Tahani akalia mbele ya watu wote. Na mimi nililia.

Tulipotoka, wanaume walikuwa wameitwa kula. Ghanim alikuwa amebaki kwenye kiti chake ukutani, na Wadhah amemsimamia anamhimiza aje kwenye sinia.

"Kamtaja dada," akaniambia.

"Kamtaja."

"Nilimsikia," akasema, na hakuyafuta machozi, ijapokuwa Wadhah alikuwa anamtazama.